Kikaratasi cha Chini Kabisa

Mume wangu aliacha kunisikia mimi kabla hajaacha kusikia kitu kingine chochote, kwa hiyo nilidhani ni ndoa tu. Nikimwambia gesi imekwisha, ananijibu kwamba ndiyo, mvua itanyesha. Nikimwita mezani, hajitingishi. Lakini akija fundi bomba mwenye sauti nene, wanapiga soga mpaka supu inapoa. Nilinuna sana siku hizo. Mwishowe binti yetu Danbi akampeleka hospitali, na daktari akaeleza kwamba masikio yake yamepoteza sauti nyembamba: ndege, kengele ya mlango, birika likichemka, wanawake. Sauti nene bado anazipata. Danbi aliponisimulia kwenye simu nilicheka kwanza. Halafu nikakaa chini sakafuni jikoni nikalia, kwa sababu mume wangu ni DJ.

Si DJ wa harusi wala wa taa za rangi. Yeye ni wa zile zama ambazo kila mji wa kwetu ulikuwa na ukumbi wa chai wenye kibanda cha vioo, na ndani ya kibanda ameketi kijana mwenye nywele ndefu, kitana kimechomoza mfuko wa nyuma wa suruali, anabadilisha santuri na kuongea kwa sauti ya kuwanyima wasichana usingizi. Hapa Gunsan, mji wetu wa bandari, katika ukumbi wa Baekjo, kijana huyo alikuwa Pyo Giseop. Mimi nilikuwa mhudumu. Asubuhi nawapelekea wazee kahawa yenye kiini cha yai, jioni napeleka vikaratasi. Mteja anaandika kwenye kikaratasi wimbo anaoutaka na salamu zake, mimi nakipenyeza kwenye tundu chini ya kioo, DJ anakipokea bila kukitazama na kukisukuma chini ya rundo. Kila kikaratasi na zamu yake. Zamu ikifika anakisoma papo hapo kwenye maikrofoni, kikiwa kibichi. Alikuwa anasema ukishakisoma mapema, sauti yako inakuwa ya mtu anayejua, na msikilizaji anataka mtu wa kushtuka naye pamoja.

Mlango wa kibanda haukufunguliwa taa nyekundu ikiwa imewaka. Hata mwenye ukumbi alisubiri nje kama watu wengine.

Nilipokuwa nampenda na yeye bado hajui, niliandika kikaratasi changu mwenyewe nikakipenyeza. Akakisukuma chini. Nikafuta meza mpaka zikang'aa, wateja wakaisha, viti vikapandishwa juu ya meza, ndipo akakisoma. Baadaye nilimlalamikia kwamba angeweza kuniweka juu kidogo. Alinishangaa kwelikweli.

"Foleni ni foleni," akasema.

Nikaolewa naye hivyo hivyo.

Kitu kimoja kilimuuma maisha yake yote. Alitaka redio. Si kibanda cha vioo mbele ya watu thelathini wanaokunywa kahawa, bali redio yenyewe, ile inayoingia majumbani kwa watu asiowajua. Alikwenda kwenye usaili wa sauti mara tatu na mara tatu wakamrudisha kwa sababu ya lafudhi. Sisi watu wa Jeolla, huku kusini, tunayavuta maneno mwishoni kama watu wasiotaka kuyaachia, na redio ya wakati ule ilitaka lafudhi ya mji mkuu, Seoul. Kibandani aliongea Kiseoul kilichonyooka utadhani amezaliwa ikulu. Lakini mbele ya wale waheshimiwa wa usaili, hofu ikimpanda, lugha ya nyumbani inamtoroka. Mara ya tatu alirudi na basi, akala chakula chote, kisha akasema wamemwambia ana sauti nzuri ya kuuzia samaki. Hakwenda tena, na mimi sikumtajia tena.

Kanda zikaja, kila mtu akawa anatembea na muziki wake mfukoni, na kumbi za chai zikafungwa moja baada ya nyingine. Yeye akauza kanda. Zikaja sahani ndogo za kung'aa, akauza hizo. Kisha muziki ukaingia kwenye simu na hapakuwa na kitu cha kuuza tena, tukapika tambi za kuuza kwa miaka mingi. Santuri zake zilikaa darini, na kila kiangazi alizishusha kuzipangusa ukungu, mimi nikigomba kwamba nyumba inanuka kabati la marehemu. Ndipo vijana wa siku hizi, Mungu awasamehe, wakaanza kupenda vitu vya kale. Wakaja na kamera zao kupiga picha kuta zetu mbovu. Danbi akasema, "Mama, Baekjo ipo wazi, haina mpangaji." Tukaifungua upya, kibanda na taa nyekundu na yote.

Vijana wanamwita mjomba DJ. Kuna mmoja aliwahi kuniuliza kitufe cha kurukia wimbo unaofuata kiko wapi kwenye santuri. Nilimwambia kiko kwenye mkono wa mjomba, na mjomba haruki.

Hayo ya masikio yalimwanza tukiwa tumeshafungua. Danbi alimnunulia kifaa cha kusikia, kidogo kama punje ya maharage. Alikivaa siku moja. Akaweka santuri anayoipenda kuliko zote, akasikiliza, akakivua na kukitia kwenye kisanduku cha kiberiti anamowekea sindano za santuri zilizochakaa.

"Kinanipa sahani za bati zinagongana," alisema. "Heri nisikie kidogo cha kweli."

Sikumlazimisha. Sijui kama nilikosea. Nilichofanya ni kusimama kaunta, mahali anaponiona moja kwa moja kupitia kioo, na kuwa masikio yake. Sauti ikizidi, naweka kikombe juu ya kichwa cha mashine ya kahawa. Ikiwa ndogo, nakishusha. Sindano ikikwama na kurudia palepale, nachukua kitambaa cheupe na kupangusa hewa kana kwamba kuna kioo mbele yangu. Hapo anausogeza mkono wa santuri kwa kidole kimoja, kwa madaha, na hakuna mteja anayejua. Hatukupatana kwa maneno. Hatukuwahi kulitaja. Nikimwambia jambo mbele ya watu asilisikie, husema mimi ndiye ninayeongea chini chini, na mimi hukubali kwamba ndiyo, naongea chini chini. Mimi, ambaye sauti yangu inajulikana mpaka sokoni.

Sasa, majira haya ya kupukutika majani, akatujia mtayarishaji mmoja wa redio ya mkoa, kijana anayeitwa Maeng, suruali fupi na miwani ya duara. Kipindi chao cha nyimbo za zamani kilikuwa kinafungwa. Wasikilizaji wanakufa, alisema, kisha akaomba radhi kwa kusema hivyo. Walitaka kipindi cha mwisho kabisa kirushwe mubashara kutoka Baekjo, mume wangu akiwa kibandani, santuri na vikaratasi kama zamani.

Mume wangu alimsikia vizuri, kwa sababu Maeng ana sauti nene. Alimwambia atafikiria. Maeng alipotoka tu akaingia chooni akakaa humo muda mrefu, na nilipopita mlangoni nikamsikia anajaribu sauti yake. "Wapenzi wasikilizaji," anasema. Anarudia: "Wapenzi wasikilizaji." Mzee wa miaka sabini. Niliondoka kwa kunyata ingawa hata nisingenyata asingenisikia.

Nilimpigia Danbi nikamwambia tukatae. Danbi akaniuliza, "Utamwambia nini, mama?" Ningesema husikii, ilhali hilo neno halikuwahi kuingia nyumbani kwetu. Nikajipa moyo kwamba nitakuwepo kaunta na kitambaa changu.

Siku ilipofika alikata nywele, akapaka mafuta, akatia kitana mfuko wa nyuma. Miwani alikataa kuivaa mbele ya kamera walizoleta za kurushia mtandaoni, akasema ataivaa wakati wa kusoma tu. Alikuwa mzuri. Nasema ukweli, alikuwa mzuri mpaka nikaona haya kumtazama.

Kisha Maeng akaanza kupanga ukumbi wetu kama mali yake. Meza ya mtangazaji, binti mmoja mpole anayeitwa Sohui, aliiweka katikati, baina ya kaunta na kibanda. Nyuma yake akasimamisha vijana waliokuja kutazama. Akaleta taa mbili kubwa za kamera akazielekezea kibanda. Nikamwambia mimi lazima nimwone mzee. Akacheka kwa heshima, akasema, "Shangazi, mtaonana nyumbani." Nikamwambia ni muhimu. Akaniuliza kwa nini. Watu walikuwa wanatusikiliza, na mume wangu alikuwa ananitazama kupitia kioo, akitabasamu. Nikasema basi, si kitu.

Taa nyekundu ikawaka.

Alianza vizuri kuliko nilivyoomba. Sauti ilitoka kwenye spika zetu na kwenye redio ndogo niliyoiweka kaunta, laini, Seoul tupu, hakuna hata neno moja lililovutwa. Akasema huu ni wimbo ambao wasafiri wa feri ya Janghang walikuwa wanauomba kila jioni. Akashusha sindano. Niliujua wimbo ule: mwanamke anamwomba mtu anayeondoka asizime taa bado, amalizie kwanza kufunga vifungo vya koti. Ubeti wa kwanza ukapita. Nikaanza kupumua.

Katikati ya kiitikio, sindano ikakwama.

"Usizime taa," akaimba yule mwanamke. "Usizime taa. Usizime taa. Usizime taa."

Nikakamata kitambaa nikapangusa. Migongo ya vijana ilikuwa mbele yangu yote. Nikatoka kaunta, nikawasukuma, nikafika kwenye kioo chenyewe nikapangusa pale pale puani pake. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa na hedifoni masikioni, anatikisa kidole kwa mapigo. Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa anaisikia ngoma ya chini, nayo haikuwa imekosea hata pigo moja. Kwa masikio yake wimbo ulikuwa unaendelea. Kichwani mwake yule mwanamke alikuwa ameshafika ubeti wa pili.

Akainua macho kunielekea. Zile taa za kamera zilikifanya kioo king'ae kwa ndani, nadhani alijiona mwenyewe tu. Akajitengeneza nywele.

Nikainua mkono kugonga. Maeng akanishika kifundo, kidole mdomoni, akaninong'oneza kwamba tuko hewani. Kisha akaniuliza, "Hii ni makusudi?"

Nikamtazama. Nikisema siyo, atakata, na Sohui ataeleza mkoa mzima kwa upole wake kwa nini amekata. Nikisema ndiyo, nitamwacha mume wangu azame. Nikauchomoa mkono wangu. Nyuma yangu vijana walikuwa wameshaamua wenyewe: walidhani ni ufundi wa DJ, ule wanaousikia kwenye kumbi zao. Wakaanza kupiga makofi kwa mapigo. Wakaimba, "Usizime taa, usizime taa." Mume wangu aliyaona makofi, akang'aa uso mzima. Sijawahi kuchukia watoto wa watu kama nilivyowachukia wale, na walikuwa wanafurahi tu.

Nikavuta kikaratasi na kalamu pale mezani. Nikaandika: Baba Danbi, sindano imekwama. Nikakipenyeza kwenye tundu.

Mkono wake ukakipokea. Ule mkono haukuwahi kubadilika. Bila kukitazama, miwani ikiwa mezani, akakisukuma chini ya rundo.

Nikasimama hapo na kalamu mkononi. Ningeweza kuandika kingine, nacho kingekwenda chini ya kile. Wimbo ulipofika mahali ambapo ungemalizika kama ungekuwa unakwenda, akashusha sauti taratibu, kwa wakati wake barabara, kama alivyokuwa akifanya tangu nikiwa msichana. "Usizime," yule mwanamke akasema kwa mbali, akanyamaza.

Sohui akashukuru kwa maneno mazuri. Akasema mzee wetu ameonyesha kwamba ya kale na ya sasa ni kitu kimoja. Mume wangu akaitikia kwa kichwa ingawa najua hakupata hata neno. Akavaa miwani, akachukua kikaratasi cha juu.

Nikaanza kuliangalia lile rundo. Kikaratasi changu kilikuwa chini kabisa, nakijua kwa ile kona niliyoikunja. Akasoma ombi la mama mmoja aliyetaka wimbo wa mumewe baharia. Santuri hiyo ikaimba salama. Akasoma la wanafunzi wa zamani. Salama. Alikuwa anasoma vizuri jamani, anacheka panapochekesha, anashusha sauti panapouma, na Maeng mwenyewe aliacha kutazama saa yake. Danbi akanitumia ujumbe kutoka Jeonju, anakoishi, kwamba baba anapendeza, na kwamba lile la mwanzo lilikuwa nini? Nikaitia simu mfukoni. Niliomba muda uishe. Niliomba umeme ukatike. Nilikaribia kuuzima mwenyewe, nikafika hadi kwenye kisanduku cha swichi nyuma ya kaunta, nikamwona juu ya bega la kijana mmoja jinsi anavyogusa maikrofoni kwa ncha ya vidole, nikarudi.

Maeng akanyoosha kidole kimoja: ombi moja la mwisho. Rundo lilikuwa limebaki karatasi moja tu, ile yenye kona iliyokunjwa.

Akaitandaza kwa kiganja. Akasogea kwenye maikrofoni.

"Na hili la mwisho," akasema kwa Kiseoul chake chote, "linatoka kwa mpenzi ambaye hakuandika jina lake. Anasema: Baba Danbi, sindano imekwama."

Vijana wakacheka. Walidhani ni jina la wimbo.

Yeye hakucheka. Akautazama mkono wa santuri, ambao ulikuwa umepumzika mahali pake. Akaitazama santuri ya kwanza, ile ya feri, iliyokuwa imelala juu ya jalada lake. Akawatazama vijana, mikono yao iliyokuwa ikipiga makofi. Niliona inamfikia. Inamfikia polepole, na mimi niko upande wa pili wa kioo na siwezi kufanya lolote. Kwenye ile redio ndogo ya kaunta hapakuwa na sauti kabisa, na hiyo kwa watu wa redio ni aibu kuliko kutukana. Maeng akaanza kupunga mkono.

Mume wangu akasafisha koo.

"Wimbo huo sina," akasema. "Samahanini. Huo sina."

Akaisema kwa lugha ya nyumbani, neno limevutwa mwishoni, ile ile waliyomrudishia mara tatu. Ikaingia majumbani mwa watu wote.

Sohui akaidaka haraka, akashukuru, akaaga, akasema maneno yake kuhusu miaka na wasikilizaji. Taa nyekundu ikazimika. Watu wakapiga makofi kwa muda mrefu. Maeng akaja kunishika mikono yote miwili, macho yamemlowa, akasema lile la mwisho lilikuwa ucheshi wa kizamani kabisa, watu hawafanyi hivyo tena. Nikamwambia asante.

Nikafungua mlango wa kibanda. Sikuwahi kuufungua naye akiwa ndani, taa iwe imewaka au imezimika. Humo ndani palinuka mafuta ya nywele na vumbi la joto. Alikuwa amevua hedifoni, amekishika kikaratasi changu.

Nikamwambia ni ule wa kwanza tu. Mingine yote ilikwenda vizuri. Nikamwambia alikuwa na sauti nzuri kuliko wote niliowahi kuwasikia redioni, na sikuwa nasema uongo.

Alinitazama mdomo. Nilisubiri aniambie naongea chini chini, nami nikubali.

"Sikusikii, Mama Danbi," akasema.

Nikarudia kwa nguvu. Akatikisa kichwa, bila hasira, kisha akachukua karatasi tupu kutoka kwenye boksi akanisogezea, na kalamu juu yake, na kungoja. Nje vijana walikuwa wanatoka mmoja mmoja wakiimba usizime taa, usizime taa. Niliishika kalamu. Nikainama juu ya karatasi.